Filamu na vibonzo vya zamani kwa watoto wadogo: Mwongozo kwa wazazi na walimu wa Lodwar na Kakuma

WAZAZI wengi huamini kwamba filamu ya zamani ni salama zaidi kwa mtoto kuliko filamu ya siku hizi. Imani hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote.

Katika hazina ya sinema ya karne ya 20 mna kazi fupi zenye ucheshi safi, zisizohitaji lugha yoyote, ambazo mtoto wa miaka minne huzifuata bila kutafsiriwa. Mna pia filamu kongwe zilizojaa vipigo, kejeli kwa watu weusi na huzuni nzito ambayo moyo wa mtoto hauwezi kuibeba. Umri wa filamu pekee hautoshi kuwa kipimo.

Kwa familia zinazoishi Lodwar na Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, uteuzi huu una uzito wa pekee. Huko filamu inayofaa si ile iliyo safi tu, bali pia ile inayoeleweka na watoto wasiosema lugha moja, isiyomaliza betri, na isiyomrejesha mtoto kwenye vita alivyovikimbia.

Mazingira ya Turkana

Lodwar, mji uliojengwa kando ya mto Turkwel, ndio makao makuu ya kaunti hiyo ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu kuwa na watu 926,976. Kakuma uko umbali wa takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi, kwenye barabara iendayo Lokichoggio. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kufuatia kuwasili kwa vijana waliokimbia vita Sudan, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa karibu nayo mwaka 2016.

Katika darasa moja la chekechea huko Kakuma wanaweza kuketi pamoja watoto wanaosema Kiturkana, Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Kongo. Filamu ya Kiingereza huwaacha wengi wao nje. Hata huko Lodwar, mtoto wa miaka minne aliyelelewa kwa Kiturkana bado hajakimudu Kiswahili cha runinga, sembuse Kiingereza.

Umeme nao ni wa kupimwa. Nyumba nyingi hutegemea paneli ndogo za jua, betri au waya unaotoka kwenye jenereta ya jirani. Intaneti hulipiwa kwa vifurushi vya simu, na filamu moja ya saa mbili yaweza kumaliza kifurushi cha wiki nzima.

Kutokana na hali hiyo, watoto wengi huona filamu yao ya kwanza mahali pawili: kwenye simu ya mtu mzima au katika ukumbi wa video. Kumbi hizo hupendelea filamu za mapigano kwa sababu ndizo zinazovuta vijana wenye sarafu mfukoni, na mtoto mdogo aliyemfuata kakaye huona chochote kile kinachoonyeshwa siku hiyo.

Sinema ya kusafiri

Eneo la Afrika Mashariki lina historia ndefu ya sinema inayowafuata watazamaji waliko. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa lori katika nchi za eneo hili. Filamu hizo zilikuwa za kilimo, afya na kodi. Zililenga watu wazima na zilibeba mawazo ya serikali ya kikoloni. Watoto walizitazama, lakini hawakutengenezewa.

Huko Kakuma, shirika la FilmAid lilianza kazi mwaka 2001. Lilionyesha filamu jioni kwenye skrini kubwa iliyofungwa kwenye lori, na umati ukaketi mchangani. Maonyesho ya namna hiyo yalidhihirisha jambo ambalo mwalimu yeyote aweza kulitumia hata sasa: skrini moja, wakati maalumu na watu wazima waliopo hufanya filamu kuwa shughuli ya jamii. Simu anayoachiwa mtoto peke yake haifanyi hivyo.

Maswali matano kabla ya kuonyesha

Mtu mzima aitazame filamu yote kwanza, tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa peke yake. Jina la mtengenezaji na rangi za kupendeza kwenye jalada havitoshi. Anapotazama ajiulize maswali haya:

1. Je, mtoto anaweza kuifuata hadithi kwa macho tu, bila kuelewa neno hata moja?

2. Je, kuna mtoto anayetenganishwa na mzazi wake, mzazi anayeuawa, nyumba inayoteketea au watu wenye bunduki?

3. Nani anachekwa? Ikiwa kicheko chote kinatoka kwa mtu kudharauliwa kwa rangi yake, kabila lake au ulemavu wake, filamu hiyo iwekwe kando.

4. Je, mtoto akiiga anachokiona ataumia au atamuumiza mwenzake?

5. Je, filamu inakwisha kabla utulivu wa mtoto haujaisha? Kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, dakika 10 hadi 25 zinatosha.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiketishwe mbele ya skrini, na kwamba mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kwa hiyo filamu fupi si hasara. Ndiyo inayofaa.

Kazi zinazofaa

Kundi la kwanza ni vibonzo visivyo na maneno. Mtengenezaji filamu Mcheki Zdeněk Miler alianza mwaka 1957 mfululizo wa fuko mdogo aitwaye Krtek. Katika filamu ya kwanza, fuko anatamani suruali yenye mifuko, na wanyama wenzake wanamsaidia hatua kwa hatua, kuanzia mmea wa kitani hadi kitambaa na mshono. Filamu hiyo ya kwanza ina mazungumzo, lakini baadaye Miler aliamua fuko wake atoe sauti za mshangao na kicheko tu, na akawatumia binti zake kuzitoa. Tangu hapo mtoto wa nchi yoyote aliweza kumwelewa.

Pingu, ndege wa baharini aliyefinyangwa kwa udongo, alianza kuonekana katika runinga mwaka 1990 kutoka Uswisi. Husema lugha isiyokuwapo duniani, hivyo watazamaji wote huwa sawa mbele yake. Theluji na barafu vitamshangaza mtoto wa Turkana na itabidi mwalimu avieleze. Lakini wivu wa Pingu kwa mdogo wake hauhitaji maelezo.

Shaun the Sheep, ya studio ya Aardman ya Uingereza, ilianza mwaka 2007. Wahusika wake ni kundi la kondoo, mbwa na mfugaji asiyejua hila zinazotendeka nyuma ya mgongo wake. Hakuna mazungumzo. Mtoto aliyewahi kuchunga mbuzi atazitambua hila hizo kabla ya mtoto wa mjini.

Kundi la pili ni filamu za watu halisi zisizotegemea maneno. Iliyo bora kwa watoto wa miaka mitano na kuendelea ni The Red Balloon, yaani puto jekundu, iliyotengenezwa na Albert Lamorisse wa Ufaransa mwaka 1956. Huchukua dakika 34. Mvulana aitwaye Pascal anaokota puto linalomfuata kila aendako katika mitaa ya Paris, hadi kundi la wavulana linapolipiga mawe likatoboka. Kisha maputo yote ya jiji yanamjia na kumwinua angani. Mwalimu asimame penye mawe na kuwauliza watoto wanaona nini, kwa kuwa hapo ndipo somo lilipo.

Buster Keaton alitengeneza One Week mwaka 1920. Bwana na bibi harusi wanapewa nyumba iliyomo katika masanduku yenye nambari, lakini adui anabadilisha nambari hizo na nyumba inasimama ikiwa imepinda. Watoto wa Kakuma, ambao wamewaona wazazi wao wakijenga kwa matofali ya udongo na mabati, watacheka kwa kuelewa. Mzazi ajue kwamba kuna onyesho fupi la mke akiwa bafuni, ambapo mkono unaifunika kamera.

The Music Box ya mwaka 1932, ya Stan Laurel na Oliver Hardy, huonyesha watu wawili wakipandisha kinanda kikubwa ngazi ndefu, nacho kikiteremka tena na tena. Maneno yaliyomo si ya lazima. The Circus ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1928, ina maonyesho mawili ambayo watoto huomba kurudiwa: Chaplin akijikuta ndani ya kizimba cha simba aliyelala, na Chaplin juu ya kamba akivamiwa na nyani. Filamu nzima huzidi saa moja, kwa hiyo igawanywe siku mbili au tatu.

Kundi la tatu ni la vivuli. Lotte Reiniger wa Ujerumani alikata watu na wanyama kwa mkasi katika karatasi nyeusi na kuwapiga picha moja baada ya nyingine. Filamu yake ndefu ya mwaka 1926, The Adventures of Prince Achmed, ina mchawi wa kutisha na si ya watoto wadogo. Lakini ngano fupi alizotengeneza Uingereza katika miaka ya 1950, kila moja ikiwa ya takriban dakika 10, huwafaa. Faida yake nyingine ni kwamba watoto wanaweza kuiga kazi hiyo wenyewe kwa katoni, shuka na tochi, hata siku ambayo betri ya projekta imekwisha.

Kwa watoto waliofikia miaka saba, wawili wanastahili kutajwa. Kirikou and the Sorceress ya Michel Ocelot, ya mwaka 1998, ni kibonzo cha kijiji cha Afrika Magharibi ambapo mtoto mdogo kuliko wote anagundua kwamba mchawi anayewatesa ana mwiba wa uchungu mgongoni. Wanawake wa kijiji wamechorwa wakiwa vifua wazi kama ilivyo desturi ya mahali hapo, jambo ambalo wazazi waelezwe mapema. Children of Heaven ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka 1997, ni hadithi ya kaka na dada wanaogawana jozi moja ya viatu ili wote waende shule. Zote mbili zina mazungumzo, hivyo zinahitaji msimulizi.

Kongwe za kuhadharishwa

Majina mengine maarufu yanahitaji tahadhari. Tom and Jerry, iliyoanza mwaka 1940, ni vipigo mwanzo hadi mwisho, na baadhi ya vipande vyake vya awali vina mtumishi mweusi aliyechorwa kwa dhihaka. Vibonzo 11 vya kampuni ya Warner Bros. viliondolewa katika matangazo mwaka 1968 kwa sababu ya kejeli za rangi, lakini nakala zake bado husambaa. Dumbo ya mwaka 1941 iliwekewa onyo na Disney wenyewe mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikaondolewa kwenye kurasa za watoto wadogo katika huduma yao ya mtandao.

Filamu nyingine hazina dharau, bali zina jeraha. Katika Bambi ya mwaka 1942, mama wa mtoto wa paa anauawa na wawindaji na msitu unashika moto. Katika The Kid ya Chaplin, ya mwaka 1921, maafisa wanamnyakua mtoto mikononi mwa mlezi wake ili kumpeleka kituo cha mayatima. Kwa mtoto aliyekulia katika amani, hayo ni machozi ya dakika mbili. Kwa mtoto aliyefika Kakuma bila mama yake, hilo ni tukio alilokwisha kuliishi. Filamu hiyo inasifiwa kwa haki, lakini sifa hazimlazimishi mwalimu kuionyesha.

The Gods Must Be Crazy, iliyotengenezwa Afrika Kusini mwaka 1980, hupendwa sana Kenya na watu wazima huikumbuka kwa chupa iliyoanguka kutoka angani. Wengi wamesahau kwamba ndani yake mawaziri wanapigwa risasi na watoto wa shule wanatekwa na watu wenye silaha. Ndiyo sababu mtu mzima hapaswi kutegemea kumbukumbu zake za utotoni.

Msimulizi ni nusu ya filamu

Zama za filamu zisizo na sauti, huko Japani kulikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi, ambaye alisimama kando ya skrini na kuwaeleza watazamaji kinachotendeka. Wengine walipendwa kuliko waigizaji. Afrika Mashariki ina benshi wake: Kenya ina DJ Afro, Tanzania ilimjua Lufufu, na Uganda wasimulizi huitwa VJ. Hao wamezigeuza filamu za kigeni kuwa hadithi za Kiswahili na Kiganda katika kumbi za video.

Mbinu hiyo hiyo yaweza kutumiwa kwa mtoto. Nyanya anaweza kusimulia kwa Kiturkana wakati fuko anatafuta kitani. Mwalimu anaweza kusema sentensi moja kwa Kiswahili, na mtoto mkubwa akairudia kwa Kidinka au Kisomali. Maandishi machache ya Kiingereza yaliyomo katika filamu za kimya yasomwe na kufafanuliwa. Msimulizi asizidishe maneno. Asimamishe filamu mara mbili au tatu, aulize kitakachofuata, kisha aache picha ijibu.

Filamu ileile irudiwe juma lifuatalo. Mtu mzima huchoshwa na marudio, ila mtoto mdogo hujifunza kwayo, na mara ya tatu ndiye anayesimulia.

Sheria na hakimiliki

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, hutaka filamu inayoonyeshwa hadharani iwe na cheti cha Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya (KFCB). Filamu hupewa alama ya GE, yaani ya watu wote, PG, ya kutazamwa kwa uangalizi wa mzazi, 16, au 18. Filamu ya zamani haisamehewi kwa uzee wake. Mwenye ukumbi anayewaruhusu watoto kutazama filamu ya alama 18 anavunja sheria. Kwa upande wa runinga, vipindi vinavyorushwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vinapaswa kuifaa familia yote.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda kazi ya picha na sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao ilitengenezwa, ilitolewa kwa umma au ilichapishwa mara ya kwanza, kwa kuhesabu tarehe iliyo ya mwisho. Filamu nyingi za Keaton, Chaplin na wenzao zimevuka muda huo. Hata hivyo, muziki mpya ulioongezwa katika nakala ya kisasa unaweza kuwa na mwenyewe. Shule inayotaka kuonyesha mara kwa mara iulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) kwanza.

Mahali pa kuzipata

Filamu nyingi za kimya zilizotoka katika ulinzi wa hakimiliki huhifadhiwa katika maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, ambako hupakuliwa bila malipo. Njia nafuu ni mtu mmoja aliye Lodwar kupakua nakala ndogo usiku, kuzitazama zote, kisha kuzinakili katika flashi au kadi ya simu na kuzifikisha Kakuma. Flashi moja ya GB 16 hubeba filamu fupi za muhula mzima. Projekta ndogo isitumiwe kabla jua halijatua, kwani mwanga wa Turkana huifuta picha yote.

Pamoja na za kale, zipo kazi za karibu na nyumbani. Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuonyeshwa kuanzia mwaka 2010, ina hadithi 52 za wanyama kwa mtindo wa mchoraji Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Shirika la Ubongo la Tanzania lilianza Ubongo Kids mwaka 2014, na kipindi chake cha Akili and Me kimetungwa kwa watoto wa chekechea, kwa Kiswahili. Kituo cha Akili Kids kilianza kurusha matangazo Kenya mwezi Machi 2020 bila malipo ya mwezi.

Waturuki wa sinema hupita na vifaa hubadilika, bali wajibu wa mlezi haubadiliki. Waturkana wamewasimulia watoto wao kwa vizazi habari za bibi Nayeche na fahali aliyepotea, na hakuna aliyemwachia mtoto hadithi hiyo aihangaikie peke yake gizani. Filamu nayo ni hadithi: iteuliwe na mtu mzima, isimuliwe na mtu mzima, na ikiisha, mtoto aulizwe ameona nini.